Kontrola ya difu ya kati kwa gari la rali: anza na ampea, skrini baadaye

Difu ya kati inagawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kontrola ni kompyuta ndogo inayoamua ibane kiasi gani. Matangazo ya kontrola hizi yanakuonyesha skrini ya rangi, vitufe na idadi ya ramani zilizomo, yaani majedwali ya kiasi cha kubana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokata kona. Kinachokata kona ni umeme unaofika kwenye krachi ya difu kwa kiasi kilekile ulichoomba, gari likiwa la moto, betri imechoka na sensa zimejaa vumbi. Nunua kontrola kwa kigezo hicho, na uwe na uhakika kwamba unaweza kuirekebisha mwenyewe ukiwa shambani, mbali na fundi yeyote.

Kwanza ujue una difu gani. Subaru STi yenye DCCD, difu ya kati inayodhibitiwa kwa umeme, ina difu ya gia za sayari, na krachi yake inabanwa na koili ya sumaku. Umeme ukipanda, mbele na nyuma zinazunguka pamoja. Umeme ukikatika, nguvu inagawanyika asilimia 35 mbele na 65 nyuma, au 41 kwa 59 kwenye matoleo ya baadaye. Mitsubishi Lancer Evolution (Evo) 7 hadi 9 yenye ACD, difu ya kati ya Mitsubishi, ni kitu kingine kabisa. Krachi yake inabanwa na presha ya oili kutoka kwenye pampu ya umeme, kwa hiyo kontrola iliyotengenezwa kwa koili ya Subaru haiwezi kuiendesha. Evo 4 hadi 6 na Impreza WRX ya gia tano zina difu ya kati ya mnato, inayobana yenyewe kwa kimiminika kizito: hakuna pa kuchomeka waya, usipoteze hela. Gari la daraja la Rally2 halina difu ya kati kabisa.

Wengi hapa Dar wanafika kwenye suala hili kwa njia ya gia boksi. Mtu ananunua gia boksi ya STi ya gia sita, anaifunga kwenye WRX, halafu anagundua kwamba ile plagi ya DCCD haina pa kwenda. Kabla hata ya kontrola, hakikisha difu ya nyuma inaendana na gia boksi hiyo. Ziko zinazotaka difu ya nyuma yenye uwiano wa gia wa 3.90, na ziko zenye gia ya kati ya 1.1 ndani zinazotaka 3.545, kwa sababu 3.545 mara 1.1 ni 3.90. Ukikosea hapo, mbele na nyuma hazitalingana mwendo hata kwenye barabara iliyonyooka, na difu ya kati itaungua, kontrola iwe nzuri namna gani.

Sasa umeme wenyewe. Toa plagi ya DCCD, weka mita kwenye ohm, pima koili ikiwa baridi. Utapata namba ndogo, chini ya ohm 3. Tuseme ni 2. Alteneta ikitoa volti 14, ukiunganisha moja kwa moja unapitisha ampea 7, na koili hizi zinatosheka kwa takriban ampea 4 hadi 5 zikiwa zimebana kabisa. Ndiyo maana swichi ya kawaida iliyofungwa kwenye dashibodi inaua koili. Kontrola inawasha na kuzima umeme mara nyingi kwa sekunde ili wastani ushuke.

Hapa ndipo kontrola ya bei rahisi na ya maana zinapoachana. Ya bei rahisi ukiiambia "nusu", inawasha nusu ya muda, basi. Volti 14, nusu yake 7, koili ya ohm 2: ampea 3.5. Lakini shaba ikipata joto inaongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii. Koili ikitoka digrii 20 hadi 100, ile ohm 2 inakuwa 2.6, na ampea zako zinashuka hadi 2.7. Ongeza feni, taa na pampu ya mafuta, volti zishuke hadi 12, unabaki na 2.3. Dereva anasema gari limebadilika tabia katikati ya steji, mkia unatoka hovyo, na fundi anaanza kuhangaika na shoku. Kontrola inayopima ampea zenyewe na kuzirekebisha haina tatizo hili: ukiiambia 3.5, inatafuta 3.5 koili ikiwa baridi au moto. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: inapima ampea za koili, au inakadiria? Akizungukazunguka, ondoka. Muulize pia kama ina diodi ya kumeza mshtuko wa koili inapozimwa. Isipokuwepo, transista inakufa siku yoyote.

Baada ya hapo, tazama inalishwa taarifa gani. Gesi na breki ni lazima. Mwendo wa magurudumu yote manne unasaidia sana, lakini magari mengi ya rali yameng'olewa ABS. Sensa bado ziko kwenye magurudumu, ila hakuna kompyuta ya kuzisoma. Kama ni zile za zamani za sumaku, zinatoa wimbi dhaifu sana gari likienda polepole, na si kila kontrola inaweza kulisoma bila kifaa cha kati. Uliza. Na kabla ya kulaumu kontrola, futa ncha za sensa: vumbi la breki lina chuma, linanata kwenye sumaku kama ndevu.

Handibreki ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayovunja vitu. Ukivuta handibreki difu ikiwa imebana, magurudumu ya nyuma yanayosimama yanakokota ya mbele pamoja na injini. Kontrola lazima iachie difu papo hapo, hadi sifuri. Handibreki ya oili mara nyingi haina swichi, kwa hiyo funga swichi ndogo kwenye mkono wake, na uipange iguse mkono ukisogea kidogo tu, kabla pedi hazijaanza kushika. Ikigusa kwa kuchelewa, ni sawa na kutokuwepo.

Programu: usinunue iliyofungwa kwa nenosiri la muuzaji. Ramani ya lami ya Ulaya haifai kwenye vumbi laini la mashamba ya mkonge, na wakati wa masika udongo uleule unakuwa sabuni. Lazima uweze kuchomeka laputopu na kubadilisha namba papo hapo, na kontrola iwe inarekodi ampea, gesi, breki na mwendo. Bila rekodi unabahatisha.

Kwa ACD kuna la ziada. Pampu na mabomba yake mara nyingi yanakaa nyuma, na hewa ya chumvi ya pwani hailali. Kagua kutu kabla hujatoa hata shilingi ya kontrola. Oili ni ATF SP-III. Mfumo ukifunguliwa lazima utolewe hewa pampu ikiendeshwa kwa kompyuta, kwa hiyo chagua kontrola inayoweza kufanya kazi hiyo yenyewe, au uwe na waya wa EvoScan, programu ya laputopu ya kuzungumza na kompyuta za Evo.

Kufunga hakuna maajabu. Waya wa koili wa milimita za mraba 1.5, fyuzi ya ampea 10, ethi safi iliyokwanguliwa rangi. Vituo vya waya vibanwe kwa koleo lake. Lehemu ikitikiswa na makorongo inakatika pembeni mwa kiungo. Kontrola ikae ndani ya kebini, juu ya usawa wa maji, plagi ikitazama chini. Plagi ya kwenye gia boksi itie grisi ya umeme, maana shaba ya Dar inageuka kijani ndani ya msimu mmoja.

Jaribio kabla gari halijashuka chini: magurudumu yote manne juu ya stendi imara, injini imezimwa, gia ya kwanza, ufunguo umewashwa. Weka sifuri, zungusha propela shafti kwa mkono. Itazunguka, na magurudumu ya mbele yatakwenda upande wa pili. Weka mia: inakataa. Vuta handibreki kidogo, ile hatua ya swichi tu: inaachia tena. Usipopata haya matatu, usiende popote.

Kabla ya ramani, pima tairi. Weka alama ya chaki, sukuma gari mzunguko mmoja, pima kwa futi kamba mbele na nyuma. Kwenye tairi ya mzunguko wa mita 2, sentimita 2 ni asilimia 1, na kontrola itaisoma kama utelezi wa kudumu.

Ramani ya kuanzia kwenye vumbi, kwa maoni yangu: difu ibane asilimia 30 gesi ikiachwa, ipande hadi 70 gesi ikikanyagwa yote, breki 40, handibreki 0. Jaribu kwenye shamba lililofungwa, si barabara ya Bagamoyo. Pua ikisukuma nje wakati wa kuingia kona, punguza upande wa breki kwa tano tano. Mkia ukikimbia wakati wa kutoka, ongeza upande wa gesi. Badilisha sehemu moja tu kila mzunguko, na isome rekodi kabla ya kumsikiliza dereva. Kama ampea zilizorekodiwa hazifuati ulizoomba, rudi kwenye ethi na plagi ya gia boksi. Ramani iache kama ilivyo.