Kuku wa kikaango kimoja: mafuta yake mwenyewe yanatosha

Watu wenye presha na kisukari wanaofika kitengo chetu cha lishe hapa Mwanza huuliza kama wabaki na sato tu, kuku wamwache. Hakuna haja. Kuku ni mlo mzuri. Balaa huanza anapotumbukizwa kwenye mafuta nusu sufuria, na mafuta hayohayo yakarudiwa kesho na keshokutwa mpaka yawe meusi.

Kwa watu wanne, nunua mapaja manne ya kuku wa kisasa yenye ngozi. Yakaushe vizuri, yapake nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha yalaze kwenye kikaango, ngozi ikiwa chini, moto wa wastani, bila tone la mafuta. Mwanzoni ngozi itanata. Usiivute. Dakika nane hivi zikipita mafuta yake yataanza kuchuruzika, utasikia yakichirizika, na ngozi itajiachia yenyewe ikiwa ya kahawia. Geuza. Mafuta yaliyotoka chota uyatoe, ubakize kijiko kimoja cha chakula; kijiko hicho kimoja tu kina kalori zipatazo 120.

Sasa weka kitunguu, kitunguu swaumu, tangawizi, nyanya tatu, karoti na hoho. Swaumu ukiitanguliza inaungua na kuwa chungu. Funika, punguza moto (wa mkaa, chomoa vipande kadhaa), uache dakika 20 hadi 25. Maji usiongeze, ya nyanya yanatosha. Mwishoni tupia fungu la mchicha au matembele, dakika tatu, ukamulie limao. Mafuta kidogo yaliyobaki husaidia mwili kufyonza vitamini A ya karoti na mboga za majani, na limao husaidia kufyonza madini ya chuma.

Kujua kama kuku ameiva, chana nyama karibu na mfupa: majimaji yawe meupe, yasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto cha jikoni asubiri nyuzi 74.

Kuhusu kuosha kuku najua tutabishana. Bomba likifunguliwa kwa nguvu, matone yenye vijidudu kama salmonela hurukia vyombo na kachumbari iliyo pembeni, na limao au siki haviviui. Kinachoviua ni moto. Kama ana manyoya au damu, msafishe taratibu ndani ya beseni, kisha osha beseni, kisu, kibao na mikono kwa sabuni kabla hujagusa kitu kingine.

Viungo vya mchuzi vya vidonge tungependa viachwe. Soma pakiti uone chumvi inatajwa nafasi ya ngapi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshahesabu ya mkate na ya dagaa wa mchana.

Kula na viazi vitamu vya kuchemsha, au ugali wa dona au wa mtama usiozidi ngumi yako. Kinachobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili, joto letu la huku ziwani linakichachusha upesi.

Kama ulichonacho ni jogoo wa kienyeji, dakika 25 hazimwezi. Mchemshe kwanza mpaka alainike, ndipo umhamishie kikaangoni, na supu yake usiimwage: pikia mboga.