Koki thelathini ukutani si kipimo cha baa

Swali ni lilelile kila wiki: nikifika mji nisioujua, bia nzuri ya viwanda vidogo nitaipata wapi? Na muulizaji huwa ameshajijibu: atatafuta baa yenye koki nyingi kuliko zote. Kazi yangu ni kusafisha mirija ya bia, na imani hii imenichosha. Tupige hesabu, dakika mbili zinatosha.

Chukua baa yenye koki 30, kila koki na kegi yake (pipa la chuma la bia) ya lita 30. Kegi moja inatoa glasi 60 za nusu lita, tukiliacha povu linalomwagika. Tuseme baa inauza glasi 120 kwa siku. Zikigawanywa sawasawa, kila koki inauza nne na kegi inakaa siku 15. Lakini wanywaji hawagawanyiki hivyo. Laga nyepesi peke yake inaweza kubeba nusu ya mauzo, kegi nzima kila siku. Glasi 60 zilizobaki zinagombewa na koki 29, yaani mbili kwa siku kila moja, na kegi inakaa mwezi mzima. Huo ni wastani. Ile bia ngeni ya koki ya mwisho, uliyovuka mji mzima kuionja, inauza chini ya hapo.

Sasa baa hiyohiyo iwe na koki sita. Laga inachukua 60 zake, koki tano zinagawana 60 nyingine, 12 kwa siku, na kegi inaisha siku ya tano. Wateja ni walewale, mauzo ni yaleyale, bia ni tofauti kabisa.

Kegi yenyewe, ikisukumwa na gesi safi ya kabonidioksidi na kukaa kwenye baridi ya nyuzi 3 za Selsiasi, huvumilia wiki kadhaa. Kinachotangulia kufa ni harufu ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ndiyo maana IPA, bia ya hopsi nyingi, ikikaa hubaki uchungu mtupu. Penye shida hasa ni kwenye mrija unaoipeleka bia kutoka kegi hadi koki. Mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 hubeba takriban mililita 50 kwa kila mita. Chumba cha kegi kikiwa mita 10 kutoka kaunta, nusu lita nzima imelala ndani ya plastiki tangu baa ilipofungwa jana. Anayefika wa kwanza ndiye anayeinywa. Na kwa koki inayouza glasi mbili kwa siku, kila glasi unayopewa imelala mrijani kwa saa nyingi.

Humo bakteria wanajenga makao. Lactobacillus na Pediococcus huleta uchachu, na Pediococcus huongeza ladha ya siagi. Mdomoni pa koki, penye hewa, Acetobacter hugeuza mabaki kuwa siki. Wote hujificha chini ya utando wa utelezi ambao maji matupu hayauondoi hata ukiyapitisha kutwa. Usafishaji wa kweli ni kila siku 14: kostiki soda, kemikali kali ya kusafishia, ya asilimia 2 hadi 3, ya uvuguvugu wa nyuzi 27 hadi 43, izungushwe kwa pampu kwa dakika 15. Bila pampu, iachwe mrijani dakika 20. Kisha maji safi mpaka pH irudi kama ya maji ya bomba. Koki ifunguliwe kipande kwa kipande na kupigwa brashi, na kichwa kinachofungwa juu ya kegi kadhalika. Hicho kichwa ndicho kinachosahaulika zaidi, na mrija uliosafishwa vizuri ukiunganishwa na kichwa kichafu unachafuka upya siku ileile. Kila miezi mitatu hupitishwa asidi, kwa sababu kostiki haiyeyushi jiwe la bia, ile oksaleti ya kalsiamu inayoganda ndani na kuwapa bakteria pa kushikilia.

Niseme wazi jambo ambalo miongozo haikai nalo. Siku 14 ni kadirio. Mrija mfupi wa laga isiyopumzika unaweza kufika wiki ya tatu bila kasoro, na mrija wa bia ya matunda isiyochujwa unaweza kuwa na utelezi baada ya wiki moja. Hata ladha ya siagi si ushahidi kamili dhidi ya baa, kwa kuwa inaweza kutoka kiwandani, chachu ilipoondolewa kabla haijaimaliza kazi yake. Kwa glasi moja siwezi kuapa kosa ni la nani. Naagiza kopo la bia ileile, au naonja koki ya jirani, ndipo nasema.

Ukikaa kaunta, uliza maswali mawili: kegi ipi imeunganishwa karibuni, na mirija ilisafishwa lini? Mhudumu wa baa inayojali hutaja siku. Kisha itazame glasi. Viputo vikiganda ubavuni chini ya povu, glasi ina mafuta au mabaki ya sabuni. Glasi safi huacha pete ya povu kila unapopiga funda. Glasi iliyogandishwa ikatae. Barafu yake inaongeza maji na kuua harufu. Laga inywe kwenye nyuzi 4 hadi 7, stauti nzito, ile bia nyeusi, 10 hadi 13.

Dukani, soma tarehe kabla ya kusoma jina. Wapika bia wana kanuni ya 3-30-300: siku 3 kwenye nyuzi 32, siku 30 kwenye nyuzi 22 na siku 300 kwenye nyuzi 3 huchakaza bia kwa kiasi kinachokaribiana. Ni kanuni ya jumla, IPA haitafika 300 ikiwa na harufu yake. Lakini kutokana nayo unaelewa kwa nini bia iliyopata joto alasiri moja kisha ikapoozwa haijaharibika, na kwa nini kopo lililokaa rafuni miezi mitatu lina ladha ya karatasi iliyolowa. Tafuta tarehe ya kujazwa. Wengine huandika namba ya siku ya mwaka, kwa hiyo 124 ni tarehe 4 Mei, katika mwaka wa siku 365. Chupa ya kijani au isiyo na rangi iliyokaa kwenye mwanga iache. Stauti kali za asilimia 10 na zaidi, gueuze (bia zenye uchachu) za Ubelgiji, na Orval, bia ya Ubelgiji yenye chachu ya mwitu ya Brettanomyces, zina sheria zao, hizo umri huzibadilisha bila kuziharibu.

Kwa wanaopika nyumbani, duka zuri la viungo vya bia hulijua kwa friza yake. Hopsi ziwe kwenye pakiti isiyopitisha hewa, na mwaka wa mavuno na asilimia ya alfa (asidi zinazoleta uchungu) viwe vimeandikwa. Nusu ya kaskazini ya dunia huvuna Agosti na Septemba, kusini Februari hadi Aprili, kwa hiyo mwaka mmoja kwenye lebo unaweza kuficha tofauti ya miezi sita. Zikinuka jibini ni kuukuu. Kimea kitafune: punje ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikiwa laini imekunywa unyevu. Kilichosagwa nunua cha wiki chache tu. Chachu ya maji iwe na tarehe na itoke kwenye friji. Na kabla hujaondoka, muulize muuzaji yeye mwenyewe anakunywa wapi. Mtu anayeijua ladha ya siagi harudi kwenye baa ya mirija michafu.

Mikahawa nitaipitia haraka. Walaji huagiza bia kidogo, kwa hiyo koki nne za mkahawa mara nyingi huenda polepole kuliko hata zile 29. Kama chakula ndicho kilichokupeleka, agiza kopo, na liombe lifunguliwe mezani baada ya wewe kuisoma tarehe iliyoko chini yake.