Figo iliyokataa kupanda

Mama mmoja, mchuuzi wa samaki kutoka Arua, alinijia hapa Kampala na karatasi iliyoandikwa "uvimbe wa nyonga". Tarehe ya upasuaji ilikwishapangwa. Nikampaka jeli, nikaweka kipimo cha ultrasaundi ubavuni kushoto. Patupu, utumbo tu.

"Mama, uliwahi kutolewa figo?"

"La, daktari, hata kushonwa sijawahi."

Nikateremka hadi chini ya kitovu, na huo uvimbe ukajitokeza: figo nzima, ndogo kidogo, imelala ndani ya nyonga. Nilipowasha rangi za Dopla, zinazoonyesha damu inavyotiririka, nikaona ateri yake, yaani mshipa unaoiletea damu, inachipuka kwenye mshipa mkubwa wa nyonga, wala si juu kwenye aorta, ateri kuu itokayo moyoni, kama zilivyo nyingi. Kisu kingeingia pale, sijui tungesema nini.

Figo zetu zote huumbika huko chini. Kati ya wiki ya 6 na ya 9 ya mimba hupanda kuelekea mbavuni, na kila zinapofika hupata ateri mpya huku ya zamani ikinyauka. Zikiungana ncha za chini, kama kwa mtu 1 kati ya 500 hivi, hunaswa na ateri ya utumbo mpana na kuishia hapo. Mkojo wa figo hizo zilizoungana hautiririki vizuri, ndiyo maana mawe na maambukizi huzipenda.

Ateri ya zamani isiponyauka, mtu hubaki nayo. Karibu mtu 1 kati ya 4 anayo, na wengi hufa wazee bila kujua. Sisi huiita ateri ya ziada, jina linalonikera, maana halina ziada yoyote: kila ateri hulisha kipande chake cha figo peke yake. Ikikatwa, kipande hicho hufa. Nyingine hupita mbele ya mrija wa mkojo na kuukaba, figo ikajaa maji. Mtoto akinywa maji mengi analia ubavu na kutapika, na nyumbani wanadhani ni minyoo.

Tangu hospitali ya Mulago, hapa Kampala, ipandikize figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023, kuhesabu ateri za mtoaji kabla ya upasuaji si anasa tena. Kila moja lazima iunganishwe kwa mpokeaji.

Yule mama nilimwandikia kwa herufi kubwa kwenye daftari lake la matibabu: FIGO YA KUSHOTO IKO NYONGANI. Akalikunja kwenye kanga, akauliza kama pesa aliyokwisha kulipia upasuaji itarudi.

Nikamwonyesha dirisha la mhasibu.