Povu Si Kitambulisho cha Saponaria

Mwanzoni mwa msimu huu wa mvua, mteja wa nne ndani ya mwezi mmoja aliingia kwenye kitalu changu hapa Dodoma akiwa na mfuko wa mabaki ya mmea uliopondwa. Alimimina maji kwenye kopo, akayasugua mabaki yale kwa viganja mpaka povu likajaa, kisha akaniambia, "Mtaalamu, tazama mwenyewe, hii ndiyo saponaria niliyouziwa." Saponaria ni mmea wa maua ambao maji ya mizizi yake hutumika kama sabuni. Nyuzi ndefu nyeupe zilizobaki chini ya kopo zilinionyesha kwamba alikuwa ameuziwa jani la mkonge, na mikono yake ilianza kumwasha kabla hatujamaliza kuzungumza.

Dhana hii, kwamba mmea ukitoa povu basi ni saponaria, ndiyo inayonichosha kuliko nyingine zote, kwa sababu ina sura ya jaribio la kitaalamu ilhali haitenganishi mmea mmoja na mwingine. Povu hutokana na saponini, ambazo ni kundi kubwa la kemikali zenye sehemu moja inayopatana na maji na nyingine inayopatana na mafuta, na kundi hilo limetapakaa katika mimea ya familia nyingi zisizo na undugu wa karibu. Mkonge unazo. Mjunju, ule mti wetu wa miiba ambao matunda yake watoto huyamung'unya, unazo kwenye magome, mizizi na matunda, na magome na mizizi hiyo imetumika kufulia nguo kwa miaka mingi. Maharage nayo yana kiasi chake, na hiyo ni sehemu ya sababu ya povu linalopanda sufuria inapoanza kuchemka. Hata mlenda, ambao utelezi wake unatokana na ute, ukipigwapigwa ndani ya maji hushika mapovu kiasi cha kumdanganya mtu mwenye haraka. Kwa hiyo anayeniletea kopo lenye povu amenithibitishia kwamba ana mmea, na hajanithibitishia zaidi ya hapo.

Anayetaka kuitambua Saponaria officinalis, jina ambalo Carl Linnaeus aliliandika mwaka 1753, aache kopo na aushike mmea wenyewe, mzima, pamoja na mizizi yake. Aanze na shina: husimama wima, kwa kawaida kati ya sentimita 30 na 90, na pale majani yanapotokea pana kifundo kilichovimba kama goti. Majani hutoka mawili mawili yakikabiliana, karibu hayana kikonyo, kingo zake ni laini zisizo na meno, na ukiliinua jani moja kwenye mwanga utaona mishipa mitatu mikuu inayoanzia kwenye kitako chake na kupanda kuelekea ncha. Mishipa hiyo mitatu ndiyo ninayoiangalia kwanza siku zote, kwa sababu inaonekana hata kabla mmea haujatoa ua. Maua nayo hukaa kwa vishada juu ya shina, rangi yake ni ya waridi iliyopauka au nyeupe, na kila ua lina petali tano zilizoachana, zikiwa zimeshikwa na kikombe cha kijani kirefu kama bomba, takribani sentimita 2. Harufu yake huzidi jioni, kwa kuwa mmea huu hutegemea nondo wakubwa wanaoruka usiku. Chini ya ardhi kuna shina linalotambaa kama la tangawizi, jekundu-kahawia kwa nje na jeupe kwa ndani. Dalili hizi zikikutana zote, hapo tunaweza kuzungumza habari ya saponaria, na ninawasihi wasomaji wasiridhike na moja au mbili.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni vinka. Maua yale ya waridi na meupe yanayopandwa mbele ya nyumba na ofisi katika mji huu nayo yana sehemu tano, majani yake nayo hukabiliana mawili mawili, na nimeshakutana na mama aliyekuwa anapanga kuyachemsha ili amwogeshe mtoto mwenye vipele. Jani la vinka linang'aa na lina mshipa mmoja mkuu uliopauka katikati, wenye mishipa midogo inayotoka pembeni. Petali zake zimeungana chini kuwa mrija mmoja, kiasi kwamba ua huanguka zima. Vinka ina alkaloidi, yaani kemikali za mmea zinazoathiri mwili, zenye nguvu sana, na ndimo ilimopatikana vinkristini, dawa inayotolewa hospitalini kwa wagonjwa wa saratani ya damu chini ya uangalizi mkali. Mmea wa namna hiyo haufai kuwa mbadala wa sabuni ya mtoto kwa kosa la kutazama rangi ya ua peke yake.

Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa saponaria ni mmea, basi ni salama kunywa. Si kweli. Mizizi yake iliwahi kutumiwa na waganga wa Ulaya kulainisha makohozi, lakini saponini hukera tumbo, huleta kutapika na kuharisha, na zikiingia kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Maji yake yasiingie machoni pia.

Wengine hutaka kuipanda kando ya bwawa la perege ili ukingo upendeze. Nawakatalia moja kwa moja, kwa kuwa saponini huharibu matamvua ya samaki, na mizizi iliyovunjika majini inaweza kuwaua.

Kuhusu kufulia, nasikia pande mbili zinazokosea: mmoja anasema saponaria inashinda sabuni zote, mwingine anasema haisafishi kitu. Maji ya mizizi yake ni kisafishaji cha upole, kinachofaa sufu, hariri na vitambaa vya zamani ambavyo sabuni kali ingevichakaza. Doa la grisi ya gari halitalitoa. Hata hivyo kuna jambo moja linalowahusu hasa watu wa huku, ambao visima vyao vingi vina maji magumu. Sabuni ya kawaida ikikutana na kalsiamu na magnesiamu ya maji hayo hugeuka utando mweupe na kugoma kutoa povu, lakini saponini hazifungwi na madini hayo kwa namna hiyo, hivyo zinaendelea kufanya kazi. Chemsha mizizi iliyokatwakatwa kwa moto mdogo kama dakika 20, chuja, uyatumie maji yake ndani ya siku chache kabla hayajachacha.

Dhana nyingine ni kwamba mmea uliotoka Ulaya na Asia ya magharibi lazima ubembelezwe kwa samadi nyingi na maji kila jioni. Kwao saponaria huota kwenye kingo za mito, kando ya reli na kwenye changarawe, na udongo wetu wa kichanga hauusumbui hata kidogo. Samadi nyingi huurefusha shina mpaka likalala chini, na maji yaliyotuama huozesha mizizi. Kwa Dodoma, ambako mvua huja msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi kama Aprili, ninashauri upandwe mvua zikishatulia, kisha wakati wa kiangazi umwagiliwe kwa kina mara moja kwa wiki badala ya kunyunyiziwa kidogo kidogo kila siku. Upate jua la asubuhi, na kivuli wakati wa mchana mkali wa Oktoba na Novemba.

Wanaolalamika kwamba wameuziwa mbegu zilizokufa mara nyingi wameuziwa mbegu nzima kabisa ambazo hazijapata baridi. Mbegu hizi nyeusi, zenye umbo la figo, huota vizuri zaidi zikipita kwenye ubaridi wenye unyevu, na usiku wa Julai hapa kwetu, ambao hushuka hadi kama nyuzi 13, hautoshi. Zichanganye na mchanga mbichi, uziweke kwenye friji kwa wiki tatu au nne, kisha uzisie karibu na uso wa udongo na kuzifunika kidogo tu.

Mimi binafsi huwashauri wateja waachane na mbegu na wachukue kipande cha shina la chini ya ardhi chenye macho mawili au matatu, wakifukie sentimita 4 hivi, na wasichimbe mizizi ya kufulia mpaka mmea utimize mwaka wa pili. Wakifukie ndani ya pipa lililokatwa kitako na kuzamishwa ardhini, kwa sababu mmea huu hutambaa, na huko Amerika Kaskazini ulitoroka bustanini ukaenea kando ya mito na barabara. Kila kipande kinachobaki udongoni kinaweza kuchipua, hivyo mabaki ya kuchimba yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, yasitupwe kamwe kwenye korongo, ambako mvua ya kwanza ya Desemba itayasomba mpaka kwenye mashamba ya watu walio chini.