Acheni kuchomoa terminali ya betri injini ikiwa inaunguruma

Limeletwa tena gari hapa karakana, Tabora, likiwa limevutwa kwa kamba kutoka upande wa Sikonge, na maelezo yake ni yale yale. Taa ya betri iliwaka kwenye dashibodi, msamaria mmoja akafungua boneti, akalegeza terminali ya hasi kwa spana namba 10 na kuichomoa injini ikiwa inaunguruma. Injini haikuzima, naye akatoa hukumu: altaneta, yaani mtambo unaozungushwa na injini kuzalisha umeme na kuchaji betri, ni nzima, nunua betri. Betri ikanunuliwa. Kesho yake gari halikuwaka, na sasa hata kompyuta ya injini haisomi.

Nataka kulizungumzia jambo hili kwa kirefu, kwa sababu nimechoka kulieleza mlangoni kwa mtu ambaye tayari ana hasira.

Kipimo cha kuchomoa terminali kinatoa jibu la uongo pande zote mbili. Chukua kwanza gari la dizeli la zamani lenye pampu ya kawaida ya mafuta, ambalo huzimwa kwa kuvuta waya wa mkono: injini ya namna hiyo, ikishawaka, haihitaji umeme hata kidogo, kwa hiyo itaendelea kuunguruma hata altaneta ikiwa imeng'olewa na kuwekwa juu ya benchi. Chukua pia gari la petroli ambalo altaneta yake imeungua dayodi moja, kile kipande kinachogeuza umeme wake kuwa wa DC. Altaneta hiyo bado inazalisha umeme wa kutosha plagi na pampu ya mafuta, hivyo injini haizimi, lakini ukiwasha taa kubwa, feni na waipa kwa pamoja, inashindwa, na betri inaanza kuliwa kidogo kidogo. Upande wa pili, altaneta nzima kabisa inaweza kuyumba betri inapoondolewa, kwa sababu betri ndiyo inayotuliza volti, na injini ikazima bila kosa lolote la altaneta. Sasa niambie, kipimo hicho kimepima nini?

Halafu kuna madhara. Altaneta inapochaji betri iliyokwisha, inapitisha ampia nyingi. Ukiikata njia hiyo ghafla, sumaku ya rota, sehemu ya altaneta inayozunguka, haipotei papo hapo. Kwa sehemu ndogo ya sekunde altaneta inaendelea kusukuma umeme ambao hauna pa kwenda, na volti zinaruka kutoka 14 hadi 80 na zaidi katika mfumo usio na kinga. Enzi ambazo cha kuungua kilikuwa balbu na pengine redio, mtu aliweza kuponea. Leo kuna kompyuta ya injini, ya breki, ya mifuko ya hewa, na katauti yenyewe, kidhibiti cha volti kilichomo ndani ya altaneta. Mtu anajisifu kwamba amefanya hivyo miaka yote na hakuna kilichoungua. Huyo ana bahati, na bahati haiandikiwi risiti.

Badala ya kuchomoa terminali, mita ya umeme (multimita) ya bei ya chini inatosha. Iweke kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi, na ikisoma karibu 10.5 kuna uwezekano mkubwa kwamba seli moja imekufa. Usipime mara tu baada ya kutoka safari, maana utasoma chaji ya juujuu tu na kufurahi bure. Kisha mtu apige stata, ile mota ya kuwashia injini, huku wewe ukitazama mita: ikishuka chini ya 9.6, tilia shaka betri.

Nimesema tilia shaka, sikusema tupa. Stata iliyochakaa inaweza kuvuta umeme mwingi kiasi cha kuiangusha betri nzima, na betri inayosoma 12.6 asubuhi inaweza kuwa na sahani zilizokwisha, isiweze kubeba mzigo wowote. Kwa mita peke yake siwezi kuapa ni ipi kati ya hizo mbili. Natafuta kipimo cha mzigo, kifaa kinachoibebesha betri kazi nzito kuona kama inaimudu, au naazima betri nzima nijaribu nayo.

Injini ikiwaka, volti kwenye betri ziwe kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa na feni, kanyaga mafuta kidogo: zikibaki juu ya 13.5, chaji ipo. Zikizidi 15, katauti imekufa na maji ya betri yatachemka. Hata hivyo, magari mengi mapya yanaachia kompyuta iamue chaji, na unaweza kusoma 12.8 kwenye gari lisilo na tatizo lolote. Hapo ukishuku altaneta kwa kusoma mara moja, unamtia mwenye gari gharama ya bure.

Volti za chaji zikiwa chini, usikimbilie altaneta. Angalia mkanda, kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo kubwa ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri, taa zikiwa zimewashwa: tofauti ikizidi 0.3, umeme unapotelea kwenye waya au kwenye terminali yenye ukungu mweupe. Fanya vivyo hivyo kati ya bodi ya altaneta na hasi ya betri. Ethi mbovu, yaani njia ya hasi kupitia bodi, inauza altaneta nyingi kuliko altaneta mbovu zenyewe.

Tatizo linalonisumbua mimi ni altaneta inayochaji vizuri ikiwa baridi na kuacha baada ya mwendo mrefu kwenye joto la Oktoba. Asubuhi inapimwa karakana, kila namba iko sawa, mteja anaondoka akidhani ninamtania. Hapo ushauri wangu ni kupima gari likiwa limetoka safari, boneti ikiwa bado ya moto.

Na kama ni lazima terminali ichomolewe, zima injini, toa funguo, anza na hasi, na wakati wa kurudisha hasi iwe ya mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi itapiga cheche pembeni ya betri ambayo huenda ikawa inatoa hidrojeni.