Kushea printa nyumbani: maana yake na mahali inapokwama

Kushea printa, au kushirikisha printa kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni, ni kuifanya printa moja ipokee kazi za kompyuta zaidi ya moja zilizo kwenye mtandao mmoja. Maana hiyo ni sahihi, ila haimfai kitu mtu aliyekwisha kubofya kitufe cha kuchapisha mara nne na karatasi haijatoka. Cha kumfaa ni kujua kwamba neno hilo limebeba mipangilio miwili isiyofanana, na kila mmoja una ugonjwa wake. Ukiutibu mmoja kwa dawa ya mwingine, mchana wote utakwisha.

Katika mpangilio wa kwanza, printa yenyewe imo mtandaoni. Ina waifai au tundu la kebo ya mtandao, ruta huipa anwani yake ya IP, yaani namba ya kuitambulisha mtandaoni, tuseme 192.168.1.50, na kila kompyuta huipelekea kazi moja kwa moja. Kusema kweli hapa hakuna anayemshirikisha mwenzake. Printa ni mkazi wa mtandao kama simu na runinga. Katika mpangilio wa pili, printa imechomekwa kwa kebo ya USB kwenye kompyuta moja, na kompyuta hiyo ndiyo inayoitangaza kwa nyingine. Tuiite hiyo kompyuta mwenyeji, na zile nyingine wageni. Mgeni hazungumzi na printa hata kidogo. Huzungumza na mwenyeji, naye mwenyeji ndiye huzungumza na printa. Huku ndiko kushea kwa maana yake kamili, na ndiko kunakosumbua zaidi.

Kujua uko upande gani ni kazi ya nusu dakika. Kwenye Windows fungua dirisha la “Printer properties” la printa husika, kisha ukurasa wa “Ports”. Poti, yaani njia ya kuifikia printa, ikiandikwa USB001 au namba iliyo karibu nayo, printa imechomekwa kwenye kompyuta hiyo hiyo uliyokalia. Ukiona anwani ya IP au herufi WSD, printa iko mtandaoni yenyewe. Ukiona kitu kama \\SEBULENI\Printa, unapitia mlango wa kompyuta nyingine: SEBULENI ni jina la mwenyeji, na Printa ni jina ambalo printa imetangaziwa.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fuata safari ya kazi moja. Programu unayoandikia hutoa ukurasa. Draiva huugeuza kuwa lugha ambayo printa inaielewa. Huduma iitwayo Print Spooler huuweka kwenye foleni. Kisha ukurasa husafiri. Kwa printa iliyo mtandaoni, safari inaishia hapo. Kwa printa iliyoshewa, ukurasa huingia foleni ya pili, ile ya mwenyeji, ndipo upite kebo ya USB. Foleni mbili, kompyuta mbili, na nywila katikati. Ndiyo maana jaribio la kwanza daima ni kuchapisha ukurasa wa majaribio kutoka kwa mwenyeji mwenyewe. Ukigoma hapo, mtandao hauhusiki. Tafuta tatizo kwenye kebo, wino, karatasi au draiva ya mwenyeji.

Mwenyeji akichapisha vizuri, angalia kama yuko macho. Kompyuta iliyolala haipokei kazi ya mtu, na ukijaribu kutoka chumba cha pili utaambiwa tu kwamba printa haipatikani. Kwenye mipangilio ya umeme ya mwenyeji, zuia kulala wakati imechomekwa kwenye umeme. Skrini iache izime, haina madhara.

Linalofuata ndilo huangusha watu wengi: aina ya mtandao. Windows hugawa mitandao kuwa ya umma na ya binafsi, na mara nyingi waifai mpya huwekwa upande wa umma bila wewe kujua. Kwenye mtandao wa umma, ngome ya Windows (firewall) hufunga milango ya kushea. Kwa mwenyeji, fungua sifa za waifai au kebo uliyounganishia, ubadilishe kutoka “Public” kwenda “Private”, kisha kwenye mipangilio ya juu ya kushea uwashe “Network discovery” na “File and printer sharing”. Jambo hili hujirudia ukibadilisha ruta, kwa sababu kwa Windows ruta mpya ni mtandao mpya. Na kama umeweka programu ya kuzuia virusi yenye ngome yake, mipangilio ya Windows haitoshi. Ruhusa itolewe huko pia.

Kuhakikisha mlango uko wazi, nenda kwa mgeni, fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) na uandike:

Test-NetConnection SEBULENI -Port 445

Ikijibu “TcpTestSucceeded : True”, njia ipo. Ikijibu “False”, rudia kwa anwani ya IP badala ya jina. Anwani ikikubali na jina likakataa, tatizo ni jina tu, na unaweza kuiunganisha printa kwa kuandika \\192.168.1.20\Printa, ukiweka anwani halisi ya mwenyeji. Amri ya ping haiaminiki sana kwa kazi hii: ngome ileile inayofunga kushea hufunga pia majibu ya ping, hivyo ukimya wake haumaanishi kwamba kompyuta haipo. Jina la mwenyeji nalo lisizidi herufi 15, na jina la printa iliyotangazwa liwe fupi lisilo na nafasi. Si sheria, lakini huondoa usumbufu usio na sababu.

Mlango ukiwa wazi, mgeni huulizwa jina na nywila. Hapa pana mtego. Watu huandika ile PIN ya namba nne wanayofungulia kompyuta, nayo hukataliwa kila mara. PIN ni ya kifaa kimoja tu na haivuki mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti iliyoko kwa mwenyeji. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo hukataliwa, kwa kuwa Windows huiruhusu iingie ukiwa umeketi mbele ya kompyuta tu. Wengine huzima ulinzi wa nywila ili mgeni aingie bila kuulizwa. Hilo lilifanya kazi miaka mingi, lakini Windows 11 Pro kuanzia toleo la 24H2 hukataa kuingia kwa namna hiyo, na sioni hasara yoyote katika hilo.

Njia safi ni kutengeneza kwa mwenyeji akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi, tuiite “mchapaji”, yenye nywila ya kudumu. Kisha kwa kila mgeni, fungua dirisha la amri na uandike:

cmdkey /add:SEBULENI /user:SEBULENI\mchapaji /pass

Kompyuta itakuuliza nywila na kuihifadhi. Siku utakayobadilisha nywila hiyo kwa mwenyeji, wageni wote wataendelea kutumia ile ya zamani kimyakimya na kukataliwa; rudia amri hiyohiyo na mambo yatakaa sawa.

Baada ya nywila kuna draiva. Zamani mgeni alikuwa akiichukua draiva kwa mwenyeji na kuisakinisha bila maswali. Mwaka 2021 uligunduliwa udhaifu mkubwa ndani ya Print Spooler, ukaitwa PrintNightmare, na tangu masasisho ya Agosti mwaka huo ni msimamizi pekee anayeruhusiwa kusakinisha draiva kwa njia hiyo. Kwa hiyo sakinisha draiva ya mtengenezaji kwa mgeni kwanza, ndipo uunganishe printa. Kama mgeni anatumia prosesa ya ARM, draiva ya kompyuta za Intel na AMD haitamfaa, hata kama modeli ya printa ni ileile.

Masasisho ya kipindi hicho ndiyo yaliyozaa namba za makosa ambazo watu hupambana nazo mpaka leo. Kosa 0x0000011b lilienea baada ya masasisho ya Septemba 2021, mwenyeji alipoanza kudai mazungumzo yenye ulinzi mkali zaidi kuliko ambayo mgeni asiyesasishwa anaweza kutoa. Dawa yake ni kusasisha kompyuta zote mbili. Utakutana na ushauri wa kuweka thamani iitwayo RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye rejista ya mwenyeji, yaani hifadhi ya mipangilio ya ndani ya Windows. Inafanya kazi, lakini inafungua tena tundu lililozibwa. Mimi ningeiacha iwe ya mwisho kabisa.

Kosa 0x00000709 mara nyingi huja mgeni akiwa na Windows 11 kuanzia 22H2 na mwenyeji akiwa na toleo la zamani. Toleo hilo lilibadilisha njia ambayo foleni mbili huzungumza, na mwenyeji wa zamani haijui njia mpya. Ili kumrudisha mgeni kwenye njia ya zamani, endesha amri hii ukiwa msimamizi, kisha uwashe upya Print Spooler:

reg add "HKLM\Software\Policies\Microsoft\Windows NT\Printers\RPC" /v RpcUseNamedPipeProtocol /t REG_DWORD /d 1 /f

Kuna ujanja wa zamani unaokwepa makosa yote mawili. Kwa mgeni, ongeza printa kwa mkono kana kwamba imechomekwa hapo hapo, chagua kutengeneza poti mpya ya aina ya “Local Port”, na mahali pa jina la poti andika \\SEBULENI\Printa. Kisha chagua draiva uliyokwisha kusakinisha. Mgeni sasa anaamini printa ni yake, na hutupa kurasa kwenye poti bila mazungumzo marefu na mwenyeji. Utakachopoteza ni taarifa za hali ya printa, kama vile karatasi kwisha.

Foleni iliyoganda hutibiwa kwa amri tatu, ukiwa msimamizi, ukianza na mwenyeji na kumalizia kwa mgeni:

net stop spooler
del /Q %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Hizi hufuta kazi zote zinazosubiri, si ile mbovu peke yake.

Turudi kwa printa iliyo mtandaoni yenyewe. Magonjwa yake ni machache na karibu yote yanahusu anwani. Ruta hugawa anwani kwa muda. Printa ikizimwa siku kadhaa inaweza kuamka na anwani nyingine, huku kompyuta ikiendelea kutuma kazi kwenye ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani za DHCP (mfumo wa ruta wa kugawa anwani), na ufunge anwani moja kwa MAC ya printa, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Kisha kwenye kompyuta ongeza printa kwa poti ya “Standard TCP/IP” yenye anwani hiyo badala ya WSD, ambayo hutegemea kompyuta kuitafuta printa kila mara na hupotea ovyo. Kazi zitapita poti namba 9100. Kama printa inachapisha lakini Windows inashikilia kwamba haipo, ondoa tiki ya “SNMP Status Enabled” kwenye mipangilio ya poti hiyo.

Anwani ya printa ikianza na 169.254, haikupata anwani kutoka kwa ruta. Irudishe kwenye waifai upya. Printa nyingi za nyumbani hushika masafa ya 2.4 GHz tu, hivyo jina la waifai la 5 GHz hazilioni. Kuwa kwenye masafa tofauti si kosa, maadamu ruta ni moja na mtandao ni mmoja. Kosa ni kuiweka printa kwenye waifai ya wageni wanaotembelea nyumba (“guest”), ambayo imetengenezwa makusudi ili vifaa visionane, au kuwa na ruta mbili zilizofuatana, kila moja ikigawa anwani zake. Ulinganisho wa haraka: kompyuta ikiwa 192.168.0.12 na printa 192.168.1.50, kwa mipangilio ya kawaida ya nyumbani haziko mtaa mmoja. VPN (programu inayopitisha mawasiliano kwenye njia ya siri) iliyowashwa kwenye kompyuta nayo inaweza kuificha printa iliyo futi tatu kutoka mezani.

Kwa Mac na Linux kazi ni nyepesi kwa sababu zote mbili hutumia CUPS, mfumo wa kusimamia uchapishaji, kupitia poti 631. Mac hushea printa ya USB kwa swichi moja kwenye sehemu ya “Sharing” ya mipangilio. Simu za iPhone hutafuta printa za AirPrint (uchapishaji wa Apple bila waya) kwa tangazo la mDNS, ambalo kifaa hulitoa kujitambulisha mtandaoni kupitia poti 5353, ambalo halivuki kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Simu isipoiona printa, hakikisha kwanza ziko waifai moja.

Na kama printa yako ya USB ina tundu la kebo ya mtandao au waifai ambayo hukuwahi kuiwasha, ihamishe. Ukishaihamisha, futa foleni za zamani kwenye kila kompyuta na uweke ile mpya kuwa chaguo la kwanza, la sivyo kazi zitaendelea kwenda SEBULENI kusubiri printa ambayo haipo tena.