Kuvuka korongo na pikipiki: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Maji yakifika kwenye ekzosi, pikipiki imekwisha." Kila masika nalisikia hili, na linawapoteza wengi kwa kuwa wanachunga pasipo penyewe. Injini ikiwa inawaka, moshi huyasukuma maji nje. Pa kuchunga ni pale inapovutia hewa, ambapo kwenye pikipiki nyingi ni chini ya siti au nyuma ya kava la ubavuni.

Ikizima katikati, utasikia watu wa ng'ambo wakipiga kelele: "Piga stata!" Usithubutu. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Yakiwa juu ya pistoni, konrodi (chuma kinachoishika pistoni) inapinda, na hapo injini yote inafunguliwa. Mimi niliibonyeza mara moja tu, nikasikia "ko!", basi. Isukume hadi nchi kavu, zima swichi, fungua plagi, kisha piga kiki taratibu. Maji yataruka kupitia tundu la plagi. Chungulia na oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage kabla hujawasha.

Kuhusu kupita mbio ili maji yakupishe: mbio huyarusha hadi pale inapovutia hewa, na jiwe usiloliona linakulaza. Gia namba moja, resi ile ile, macho ng'ambo, abiria ashuke.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Jua linawaka, korongo halina neno." Mto Kinyasungwe wa Dodoma kiangazi ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha milimani maji hukufikia huku kwako kukiwa kweupe. Huko chini, reli ya kati baina ya Gulwe na Kilosa imesombwa mara nyingi. Ukiona maji yamegeuka tope ghafla, yanaleta povu na vijiti, toka. Na usiseme "ni ya kifundoni tu": sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinaweza kumwangusha mtu mzima. Tangulia kwa miguu na fimbo. Ukishindwa kutembea, pikipiki haitapita. Subiri yapungue, hata kama abiria ananung'unika. Ukiisukuma, kaa upande maji yanakotokea, ili ikianguka isikulalie.

Ukishavuka, breki zimelowa. Kanyaga kidogo kidogo mpaka zishike, ndipo abiria apande.